Alichogusa Fundi wa Kwanza

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi. Mlima Kwaraa umefunikwa na mawingu mpaka kiunoni. Upepo unatia vumbi hadi ndani ya kikombe cha chai.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi pikapu ya Mzee Abdulsalam imefika gereji kwangu Maisaka, Babati, ikisukumwa na watu sita. Abdulsalam ni mwenye duka la vyombo karibu na stendi. Gari la dizeli, la zamani kuliko ndoa yangu. Ugonjwa: linawaka vizuri, linanguruma, linakohoa, linatoa moshi mweusi, linazima. Nimepima kwa saa ya mkononi. Sekunde arobaini. Mara ya pili, arobaini na moja. Mara ya tatu, arobaini. Ugonjwa wenye nidhamu!

Nimetoa jibu baada ya dakika mbili, boneti ikiwa imefungwa. Pampu ya dizeli. Fundi wa miaka ishirini na sita hafungui boneti ili kujua. Anafungua ili kuthibitisha.

Kwenye kiti cha mbele alikaa Bibi Amna, mama yake Abdulsalam, miaka themanini na tatu, mkoba mdogo mapajani. Watu sita wamesukuma gari naye yumo ndani! Hakuona sababu ya kushuka. Jumamosi anakwenda Kondoa kumwona dada yake, ambaye anaumwa na ametuma salamu kwamba Amna kama ana neno aje aliseme sasa, wakati masikio bado yapo. Basi la abiria hawezi kulipanda, magoti yanakataa ngazi. Gari la kukodi amelikataa mara tatu, na Abdulsalam hajazoea kumwuliza mama yake jambo mara ya nne. Kiti cha pikapu hii ndicho magoti yake yamekizoea. Kwa hiyo mambo ni mepesi kueleza: gari lisipopona kufikia Ijumaa, ndugu wawili hawaonani, na pengine hawataonana tena.

Nimeelewa uzito. Nimemwambia litapona kesho.

Ameniuliza nimejuaje kuwa ni pampu. Nikasema uzoefu. Akasema marehemu mumewe naye alikuwa na uzoefu, na kila mwaka alipotea njia ya Singida.

Ng'ambo ya barabara Seleina alikuwa amesimama akitazama. Naye ni fundi. Ametoka Simanjiro, akasoma chuo cha ufundi, akafungua gereji miaka miwili iliyopita, hatua sitini na nne kutoka mlangoni kwangu. Nimezihesabu. Kila asubuhi huniamkia shikamoo, kwa adabu kamili, na kila asubuhi huniuma. Leo amepaza sauti kuuliza moshi ni wa rangi gani. Nimemjibu: wa kawaida.

Anapata wateja kwa sababu ni mgeni. Kipya kinyemi.


Jumanne, 15 Julai

Nimefungua filta ya dizeli. Safi. Nimefungua mabomba ya dizeli, nimetoa upepo, nimefunga. Sekunde arobaini. Nimetoa nozeli zote nne zinazopulizia injini dizeli, nimezisafisha, nimezirudisha. Imebaki wosha moja ya shaba, pete ndogo ya kuzibia.

Wosha huwa haibaki. Kila kilichotoka kina mahali pake. Nimeitazama kwa muda. Nimeitia mfukoni.

Sasa gari linatoa moshi wa aina mbili, mweusi na mweupe, na linazima baada ya sekunde thelathini na tatu. Nimemweleza Abdulsalam kwamba ugonjwa unapokaribia kutoka hupigana. Amesema, kwa upole wake wa dukani, kwamba anaona ugonjwa unashinda.

Bibi Amna ameletwa na bajaji saa nne, ameingia kwenye kiti chake, amefunga mlango, amekaa. Nikamwambia gari haliendi popote. Akasema anajua, anayazoeza magoti. Nimefanya kazi siku nzima nikitazamwa kupitia kioo cha mbele. Kila injini ilipozima alinyoosha kidole kimoja, kisha viwili. Jioni alikuwa amemaliza vidole vya mikono yote miwili na ameanza upya.

Mke wangu Kandida anauza chai na chapati katikati ya gereji hizi mbili. Amelalamika kwamba chapati zinanukia dizeli. Nikamwuliza kwa nini anamwuzia chai mpinzani wa mumewe. Akasema Seleina hunywa vikombe viwili na hurudisha kikombe. Mimi hunywa vitatu na vikombe vyake anavikuta vina nati.


Jumatano, 16 Julai

Ni lazima nimwulize Seleina bila kumwuliza.

Sababu ni desturi. Sisi mafundi wa mtaa huu tuna sheria moja tu na hakuna aliyeiandika. Gari lililofunguliwa na fundi mmoja haliguswi na mwingine mpaka yule wa kwanza aje, asimame mbele ya mwenye gari, aseme kila kitu alichogusa. Kila kitu. Akificha nati moja, fundi wa pili anaweza kutafuta wiki nzima ugonjwa uliotengenezwa na mkono wa mtu. Sheria nzuri. Nimeitetea mwenyewe kwa sauti kubwa. Ila utamu wake uko upande wa fundi wa pili.

Mpango: trekta la mjomba. Nimevuka barabara saa tatu na nusu, nimekaa kwenye tairi lake, nimezungumzia baridi, halafu nikataja kama mtu aliyekumbuka tu kwamba mjomba wangu wa Sigino ana trekta linalowaka, linatoa moshi, linazima.

Seleina aliweka spana chini. Hili ni jambo la kuandika. Mafundi wengi, mimi nikiwemo, tunasikiliza huku mikono inaendelea. Yeye aliweka spana chini, akafuta mikono, akanitazama usoni kama kwamba trekta lile lipo. Aliuliza maswali matatu. Linazima baada ya muda gani? Ukikanyaga mafuta linazima mapema zaidi au linachelewa? Likishazima, linakubali kuwaka papo hapo?

Swali la kwanza nilikuwa na jibu lake. La pili na la tatu sikuwahi kujiuliza, katika siku mbili. Nikasema ngoja nimpigie mjomba.

Nimerudi kwangu mbio. Nimewasha. Nimekanyaga mafuta. Limezima baada ya sekunde kumi na tisa! Nimewasha tena papo hapo. Limewaka bila kinyongo. Nimevuka tena, nikipumua kama punda. Nikasema mjomba anasema ukikanyaga linazima mapema, na likizima linawaka papo hapo. Akasema mjomba ni mwepesi wa kujibu. Akauliza rangi ya moshi. Nikasema mweusi. Akauliza mweusi tangu mwanzo au kuna uliozaliwa baadaye. Nikasema mjomba haoni vizuri.

Kisha akasema jambo ambalo nalinukuu neno kwa neno, kwa sababu ni la mtu anayejua kazi: "Mwambie mjomba alitazame likiwa linanguruma. Likishalala, kila kitu kinajifanya kizima."

Ni vigumu kumchukia mtu anayesema hivyo. Nimejaribu mpaka saa sita.

Ili kulitazama likinguruma wanatakiwa wawili, mmoja awashe, mwingine aangalie. Sikutaka wa pili. Mtu wa pili ana mdomo. Kwa hiyo nimefunga simu kwa waya chini ya boneti, kamera ikitazama injini, nimewasha, limezima, nimetoa simu. Akili! Nimeitazama video mara tisa. Macho yote kwenye pampu. Pampu haitikisiki, haivuji, haina neno. Pembeni mpira mnene wa hewa, ule unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye injini, unajikunyata kuanzia sekunde ya ishirini, lakini ni mpira wa zamani, acha ujikunyate. Injini ikizima unanyooka wenyewe.

Hitimisho: pampu inaficha. Kesho naibadilisha.


Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi nimekwenda Bonga, nimeng'oa pampu kwenye gari bovu la rafiki, nimerudi, nimetoa ya Abdulsalam, nimeweka hii. Saa tano na robo nimewasha.

Sekunde thelathini na tatu. Moshi mweusi. Moshi mweupe. Kimya.

Bibi Amna alishusha kioo akasema anaomba kujua jambo moja tu, nisipomjibu hatakasirika: hivi mimi nalitibu gari au nalifundisha? Nikasema subira. Akasema subira anayo ya kutosha, asiyekuwa nayo ni dada yake. Jana usiku dada amekula uji vijiko vitatu tu. Alisema hivyo akapandisha kioo, bila kunilaumu. Ningependa anilaumu.

Saa nane Abdulsalam amekuja kwa miguu. Amesalimia, ameuliza habari za binti yangu Irine aliyeko shule, ameuliza habari za mahindi. Alipofika kwenye habari za hali ya hewa nilijua. Kesho baada ya swala ya Ijumaa gari linavuka barabara kwenda kwa Seleina, na ananiomba niwepo, kama ilivyo desturi, niseme nilichogusa. Nikasema bila shaka.

Nimekaa kwenye kreti nikahesabu nilichogusa. Filta ya dizeli. Mabomba. Nozeli nne. Pampu, tena imebadilishwa. Waya mbili ambazo sijui zilikuwa na kosa gani. Vimefika kumi na moja. Mbele ya watu! Mbele ya Kandida! Kwa gari ambalo nilimaliza kulitambua kwa dakika mbili!

Mpango wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza. Nitasema nimegusa filta ya dizeli, basi. Lakini nati zilizofunguliwa hung'aa, na Seleina ana macho. Kwa hiyo ni lazima zisiwe zimefunguliwa.

Nimerudisha pampu ya Abdulsalam mahali pake. Nimechota vumbi jekundu la barabarani, kopo moja. Nimelichanganya na oili chafu kiasi cha kijiko. Nimechukua mswaki wa zamani. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili kasoro nimepaka nati moja baada ya nyingine, juu, pembeni, chini, kisha nimepuliza vumbi kavu juu ya zile zilizokuwa bado na unyevu. Nimejibanza chini ya gari kwa dakika hamsini. Mgongo umekufa. Lakini kazi! Injini imekuwa kama haijaona mkono wa binadamu tangu ilipotoka melini. Kwa kumalizia nimemweka panzi mkavu kwenye kona ya betri. Panzi anakamilisha.

Kandida amepita akauliza kwa nini napiga mswaki gari. Nikasema usafi. Akatazama vumbi, akatazama mswaki, akaenda zake.


Ijumaa, 18 Julai

Naandika kwa urefu kwa sababu nilikuwepo na nimeona yote.

Saa nane na dakika ishirini pikapu imesukumwa hatua sitini na nne. Bibi Amna ndani. Watu kama ishirini, wengine wametoka msikitini na Abdulsalam, wengine hawana sababu. Seleina amempa Bibi shikamoo, amempa Abdulsalam, amenipa mimi. Kisha amesema: "Haya Baba Irine, karibu utuambie."

Nikakohoa. Nikasema filta ya dizeli.

Akauliza: na? Nikasema basi.

Akafungua boneti. Hakugusa kitu. Aliweka mikono nyuma akazunguka injini kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, taratibu, akainama hapa, akachungulia pale. Dakika nne. Nilianza kufikiri kazi yangu imefaulu.

Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama. Alisema vumbi lililoko ukutani mwa injini ni la kijivu, lina pumba ndani yake. Lililoko kwenye nati ni jekundu, la barabara hii hii ya Maisaka. Gari moja, vumbi la sehemu mbili. Tena vumbi jekundu limekaa kwenye nati tu, halikupenda mahali pengine. Akapitisha kidole chini ya nati ya pampu, akakionyesha. Akasema hajawahi kukutana na upepo unaovuma kutoka ardhini kwenda juu, labda Babati umeanza mwaka huu. Kisha akamnyanyua panzi kwa vidole viwili. Akamgeuza. Akasema kila kitu humu kina vumbi isipokuwa huyu bwana. Amefika leo?

Walicheka. Bibi Amna alicheka mpaka akashika dashibodi. Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine kabisa. Nilikuwa nafikiria kwamba katika miaka ishirini na sita sijawahi kuisoma injini namna ile, na kwamba yeye alikuwa amechafua kidole kimoja tu.

Akamweka panzi juu ya tairi. Akasema: "Baba Irine, shikamoo tena. Umegusa nini?"

Nikasema mabomba ya dizeli. Akatikisa kichwa kukubali. Hakusema neno. Kumbe ndiyo mbinu yake! Ukimya wake una mlango, unajikuta umeingia. Nikasema nozeli. Zote. Akangoja. Nikasema pampu, nimeitoa na kuirudisha. Nikasema waya mbili, nikamwonyesha. Nikaendelea. Kumi na moja. Mwisho nikatia mkono mfukoni nikatoa wosha ya shaba.

Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba. Hakuipandisha juu watu waione. Alisema tu: "Ahsante. Hii ndiyo sababu ya moshi mweupe. Umeniokolea siku nzima." Na alimaanisha. Mtu wa nyuma akapiga makofi, sijui kwa nini, na wengine wakamfuata. Bibi Amna akasema kwa sauti kwamba angalau huyu anakumbuka. Wengi huharibu na kusahau.

Lazima nikiri ilinipendeza.

Nusu saa amerudisha nilivyovuruga. Wosha mahali pake, nozeli zimekazwa kwa mpangilio, waya zimerudi. Amewasha. Moshi mweupe umekwisha. Sekunde arobaini, moshi mweusi, kimya. Nikamwambia ndivyo lilivyokuja. Akasema vizuri, sasa tuna ugonjwa mmoja tu, wa Mungu, siyo wa mafundi.

Kisha akaniomba mimi niwashe. Mimi! Nikaingia upande wa dereva, kando ya Bibi Amna. Seleina akasimama mbele, akaweka kiganja karibu na mpira wa hewa, akamwita Abdulsalam asogee. Nikawasha. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Ishirini. Ishirini na tano. Akasema tazameni. Nikatoa kichwa dirishani. Mpira ule mnene ulikuwa unanywea, mashavu yake yanaingia ndani, taratibu, mpaka kuta mbili zikagusana. Moshi ukatoka mweusi nyuma. Injini ikafa. Na mara ilipokufa, mpira ukafumuka, ukarudi unene wake, kama hakuna kilichotokea.

Nilikuwa na jambo lile kwenye simu yangu. Mara tisa.

Alieleza kwa maneno ambayo hata Bibi Amna aliyafuata. Injini hupumua. Puani mwake kuna kitu kimeziba, kwa hiyo inavuta kwa nguvu, na mpira umechakaa, haustahimili, unajikunja. Dizeli inaingia, hewa haiingii, ndiyo moshi mweusi. Ukikanyaga mafuta inavuta kwa nguvu zaidi, ndiyo maana inakufa mapema. Ikifa, mpira unapumzika na kunyooka. Kila anayefungua boneti baada ya hapo anakuta mpira hauna hatia.

Akauliza gari lilikuwa wapi kabla ya kuugua. Abdulsalam akasema Bonga. Kila msimu wa mbaazi hupeleka mabeseni na sufuria mashambani akabadilishana kwa mbaazi, na mwaka huu aliegesha wiki tatu kando ya mashine ya kupukuchua. Seleina akafungua kasha la filta ya hewa. Akaligeuza juu ya beseni. Pumba! Nusu beseni, kijivu, laini, na punje chache za mbaazi nzima.

Filta ya hewa sikuigusa. Chini ya boneti ile, ndicho kitu pekee ambacho sikukigusa.

Ameweka filta mpya, ameng'oa mpira mzima kwenye gari bovu uani kwake, amefunga. Nimewasha. Arobaini. Arobaini na moja. Hamsini. Watu walikuwa wanahesabu pamoja nami. Mia. Bibi Amna akasema hesabu za mafundi hazimtoshi. Alasiri imeingia, anaswali, na injini isizimwe mpaka amalize. Kandida akampelekea kiti na maji. Aliswali amekaa, uani kwa Seleina, bila haraka yoyote, na baada ya swala akavuta tasbihi punje moja moja, na sisi ishirini na kitu tukasimama kimya tukisikiliza gari. Nimepima. Dakika kumi na saba. Halikukohoa.

Aliposimama akasema kesho saa moja asubuhi. Kisha akanionyesha kidole. Na huyu anakuja nyuma. Mtu anayelijua gari mpaka tumboni haachwi nyumbani.


Jumamosi, 19 Julai

Tumeondoka saa moja na robo. Abdulsalam usukani, Bibi Amna kwenye kiti chake, mimi nyuma juu ya gunia la mbaazi, nimejifunga blanketi. Seleina alikuja kusimama barabarani kutuaga. Hakutoa maagizo. Alisema tu safari njema, shikamoo Bibi.

Nilikuwa nahesabu. Arobaini ikapita kabla ya lami. Bonga nilikuwa elfu moja na mia mbili, nikaacha. Kuelekea Kolo milima ni mirefu, nililaza sikio kwenye bodi ya gari kila kona, nikisubiri. Hakuna. Moshi wa ekzosi ulikuwa mwembamba, hauna rangi ya kuandika.

Kondoa tumefika kabla ya saa nne. Nyumba ya bati, mlango wa bluu. Dada alikuwa amelazwa kitanda cha kamba sebuleni, kichwa upande wa mlango ili amwone anayeingia. Mwembamba sana. Bibi Amna alitembea mwenyewe kutoka kwenye gari, hatua kumi na mbili, hakutaka kushikwa. Dada akasema amechelewa. Bibi Amna akasema gari. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika miguu ya dada yake kupitia shuka, kwa muda ambao sikuupima.

Mimi na Abdulsalam tulikaa nje. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia wakibishana kuhusu mbuzi fulani aliyepotea walipokuwa wasichana, nani aliacha lango wazi. Bibi Amna akasema ni yeye. Dada akasema anajua, miaka sabini anajua, alikuwa anasubiri amwambie mwenyewe. Wakacheka, mmoja akakohoa, wakacheka tena. Saa sita dada aliomba uji, akamaliza bakuli.

Tulipoingia kuaga, dada akauliza huyu mwenye vumbi ni nani. Nilitayarisha uso. Bibi Amna akasema: "Ni fundi. Aligusa vitu kumi na moja visivyohusika, na mbele ya watu akavitaja vyote, hakubakisha." Dada akanitazama kwa muda mrefu. Akasema siku hizi watu wa hivyo bado wapo?

Nimerudi Babati nikiwa juu ya gunia lile lile, lakini sikuhisi baridi. Vyote kumi na moja!


Jumatatu, 21 Julai

Habari za Kondoa zimefika Babati kabla ya chai. Muuza mitumba ameniita mkweli. Mzee mmoja wa Sigino, ambaye hatufahamiani, amevuka barabara kuja kunishika mkono. Kandida ameniongezea chapati bila kuombwa. Nimefikiri sana jambo hili. Gari alilitibu Seleina, sikatai, na kazi yake ni ya kuvuliwa kofia. Lakini makofi yalipigwa wapi? Yalipigwa kwangu, kwenye kutaja. Kumi na moja tu, na watu wakaguswa vile!

Leo saa mbili na nusu Parkesian, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Simanjiro, ameleta gari lake. Limekuja lenyewe, likitembea vizuri. Tatizo: honi hailii. Akasema huenda ni fyuzi, ana haraka, mnada ni keshokutwa, bila honi ng'ombe hawatoki barabarani. Nikamwambia aniachie.

Nimefungua filta ya dizeli. Nimefungua nozeli. Nimefungua pampu, stata, redieta, na vitu viwili ambavyo bado nauliza majina yake. Safari hii nimekuwa makini, naandika kila kimoja kwenye daftari kwa namba, ili nisisahau hata kimoja. Nimefika thelathini na nane. Zimebaki nati saba na springi moja, nimezitia kwenye mfuko safi.

Saa kumi Seleina amepaza sauti kutoka ng'ambo, akauliza gari la Parkesian lina tatizo gani. Nimemjibu: honi. Akauliza mbona haliwaki. Nikamwambia asiwe na haraka, kesho mbele ya watu wote nitamsomea.